Kiharusi na maradhi ya moyo: je, ni ya wenye nacho?

Dhana: Haya ni maradhi ya matajiri.

Ukweli: Dhana hii haifi kwa kuwa ina chembe ya kweli. Utafiti wa vifo uliofanywa Tanzania katika miaka ya 1990 ulilinganisha Dar es Salaam, wilaya ya Hai yenye unafuu kiasi, na vijiji maskini vya Morogoro, ukakuta kwamba kiharusi kiliua zaidi mjini na kwa uchache zaidi Morogoro. Wengi huishia hapo. Wakisoma mbele kidogo wangeona kuwa hata huko Morogoro, kwa wanaume wa miaka 15 hadi 64, kiwango kilichorekebishwa kwa umri, ili wingi wa vijana au wazee usipotoshe ulinganisho, kilikuwa vifo 35 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, ilhali England na Wales katika muongo huohuo kilikuwa takribani 11. Dar es Salaam kilifika 65 kwa wanaume na 88 kwa wanawake. Watafiti walikisia kuwa chanzo ni presha isiyotibiwa, na sioni maelezo mengine yanayoshinda hayo.

Dhana: Anayekufa kwa moyo amejitakia, kwa ulaji na sigara.

Ukweli: Sigara na chumvi nyingi hudhuru, hilo halina ubishi. Hata hivyo utafiti uitwao PURE, uliofuatilia watu zaidi ya 150,000 katika nchi 17, Zimbabwe ikiwemo, na kutoa matokeo mwaka 2014, ulikuta kuwa vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano wa kuugua moyo, vilikuwa vingi zaidi kwa wakazi wa nchi tajiri, lakini mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vyake vilikuwa vingi zaidi katika nchi maskini. Kati ya waliopatwa na mashambulizi hayo, asilimia 6.5 walifariki katika nchi tajiri, na asilimia 17.3 katika nchi maskini. Tofauti kubwa hapo ni dawa na hospitali, wala si tabia ya mgonjwa.

Hata ndani ya nchi tajiri, cheo hupanga vifo. Watumishi wa serikali wa London walioanza kuchunguzwa mwaka 1967, katika utafiti ambao mtaalamu wa afya ya jamii Michael Marmot aliufanya ujulikane, wote walikuwa na mshahara na matibabu ya umma, lakini wanaume wa ngazi ya chini kabisa, kama vile matarishi na mabawabu, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa takribani mara 3 ya wakubwa wao, na sigara, presha na kolesteroli (mafuta katika damu) vilieleza sehemu tu ya pengo hilo.

Dhana: Moshi wa kuni na mkaa huharibu mapafu tu.

Ukweli: Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya nusu ya vifo vinavyotokana na moshi wa majumbani ni vya moyo na kiharusi.

Dhana: Vidonge vya presha ni rahisi, asiyevimeza ni mzembe.

Ukweli: Presha haiumi, na dawa yake kwa kawaida ni ya maisha. Kibarua anayelipwa kwa siku, akienda kliniki kila mwezi, hupoteza ujira pamoja na nauli, na akikuta dawa zimekwisha huandikiwa akanunue duka la dawa kwa fedha ambayo nyumbani inasubiriwa kwa unga. Akijisikia mzima, ni wazi ataanza kupunguza wapi.