Mtu kapotea msituni, musivamie tu

Mtu akipotea kwenye msitu wa Jozani hapa Unguja, wa mwanzo kuingia mara nyingi ni wanakijiji wenyewe, vijana wa Pete, Kitogani, Charawe huko, na sisi watu wa misitu hilo hatulikatai hata kidogo. Shida ni vile munavoingia. Taarifa inafika magharibi, kundi zima na tochi za simu linatawanyika kila mtu na njia yake, wote wanaita jina kwa pamoja, sasa aliepotea akiitika nani atamsikia? Iteni, kisha nyamazeni dakika nzima musikilize. Na pale alipoonekana mwisho musipakanyage, kwenye tope chini ya mitondoo unyayo unakaa vizuri na unaonesha kaelekea wapi, likishapita kundi hapo imebaki tope tu.

Hifadhi si kubwa, kama kilomita za mraba 50 pamoja na mikoko ya Chwaka, lakini huku uwandani ni mawe yenye ncha na mapango yaliyofunikwa na vichaka, umevaa ndara zako ukiteleza usiku basi sasa tunatafuta wawili. Mikokoni siku za bamvua ndo balaa, maji yanakujia kwa nyuma wewe unaangalia mbele. Ndo maana askari wa hifadhi anataka ajue nani kaingia, kapita wapi, atatoka saa ngapi, hakubanieni geti kwa roho mbaya.

Ila na sisi tusijifanye hatuna lawama, makaratasi nayo yanachelewesha. Marekani, jimbo la Nevada, kuna mtu alipotea 2012 na kikundi cha kujitolea kikakaa zaidi ya mwaka kikisubiri ruhusa ya kuingia eneo la hifadhi la Lake Mead, wanadaiwa bima ya dola milioni 1, watu wa kujitolea hizo wazitoe wapi jamani, na siku walipoingia mwili wakaupata ndani ya masaa 2. 2019 ikapita sheria hukohuko Marekani kwamba maombi ya namna hiyo yajibiwe ndani ya masaa 48, na bima hawadaiwi wakishasaini kuwa hatari ni yao wenyewe. Mimi naona 48 inafaa kutafuta maiti, aliye hai na mguu umevunjika hawezi kungoja hivo.

Kwa hiyo ruhusa tumalizane mapema, kabla hajapotea mtu. Shehia zinazopakana na msitu, na za Ngezi kule Pemba vilevile, ziandike majina ya wanaoujua msitu kwelikweli, warina asali, wachimba dawa, nakala moja kwa sheha moja ofisi ya hifadhi, washasaini kabisa, siku ya siku waingie wannewanne na askari na mmoja abaki getini anaandika. Na namba ya askari wa zamu wawe nayo watu watatu, maana simu ya mmoja lazima siku hiyo itakuwa haina chaji.