Kioo ni halisi, lakini simu inakikataa

Dada mmoja alirudi mezani kwangu akiwa amekunja uso. "Fundi, mbona umeniwekea kioo feki?" Akanionyesha onyo kwenye simu yake: kioo hakijathibitishwa kuwa halisi. Kioo kile nilikitoa kwa mikono yangu kwenye simu ya toleo lile lile, ambayo bodi yake iliuawa na maji. Hakikuwa na hata mkwaruzo. Nilimweleza, akasikiliza, ila hakuridhika, na simlaumu. Simu yake mwenyewe ilikuwa inamwambia kwamba nimemdanganya.

Acha nieleze kinachotokea. Kioo cha simu nyingi za bei kubwa siku hizi kina chipu ndogo yenye namba yake. Kiwandani, namba hiyo huoanishwa na bodi. Simu ikiwaka, programu huzilinganisha, na zikipishana hutoa onyo au hunyima huduma fulani: rangi za kioo haziendani tena na mwanga wa mahali ulipo, au, ukibadili betri, ukurasa wa afya ya betri unabaki mtupu. Spea ni nzima, nimeifunga sawasawa. Kinachokosekana ni ruhusa, na kwa miaka mingi ruhusa hiyo ilikuwa ya mtengenezaji pamoja na mafundi aliowateua yeye.

Kwa hiyo tumejifunza kuhamisha chipu. Naing'oa kwenye kioo kilichopasuka kwa hewa ya moto, naisafisha miguu, kisha naipandikiza kwenye kioo kizima. Betri nayo ni hivyo hivyo: unakata ile bodi yake ndogo ya ulinzi na kuichomelea kwenye betri mpya. Joto likizidi kidogo tu, kioo kinatoa mistari na hasara ni yangu. Kazi ya dakika 20 inageuka ya saa mbili, na mteja ndiye anayelipia muda ambao haukuongeza chochote kwenye ubora wa simu yake.

Jambo hili si la mezani kwangu tu. Mwaka 2021, iPhone 13 ilipotoka, mafundi waligundua kwamba ukibadili kioo bila kuhamisha chipu, utambuzi wa uso unazimika. Kelele zilipopigwa, Apple ilisahihisha kwa sasisho la programu. Yaani kioo hakikuwa na tatizo tangu mwanzo. Kabla ya hapo kulikuwa na hitilafu ya iPhone iliyoitwa "Error 53", iliyofanya simu za watu zisitumike baada ya sasisho. Mwaka 2018 mahakama nchini Australia iliitoza Apple faini ya dola milioni 9 za huko, kwa kuwaambia wateja kwamba wamepoteza haki ya kuhudumiwa kwa sababu tu simu ilishapitia kwa fundi mwingine.

Watengenezaji husema uoanishaji huu huzuia wizi, na hoja hiyo naikubali. Nisingependa simu ya mtu iporwe kituo cha daladala leo, kesho iwe spea mezani kwangu. Lakini simu iliyoripotiwa kuibwa inaweza kufungwa yenyewe na spea zake, bila kuiadhibu ya mtu aliyeinunua kihalali. Na kihisi cha alama za vidole kikilindwa kwa ukali naelewa, maana ndicho kinachofungua pesa za mtu. Betri inafungua nini?

Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2024 inayokataza uoanishaji unaozuia spea nzima kufanya kazi au unaotoa maonyo ya kupotosha. Niliisoma kwa furaha. Ila inagusa vifaa vilivyoanza kuuzwa baada ya tarehe 1 Januari 2025, na simu nyingi ninazofungua mimi ni za zamani zaidi, zilizotumika kwanza na watu wengine huko nje na kuja kwetu kupitia Dubai. Hizo sheria hiyo haizigusi.

Siku hizi, kabla sijagusa skrubu, namwonyesha mteja onyo litakalotokea na kumwambia sababu yake. Na kila mtu namwomba jambo moja: kioo chako kikipasuka, usikitupe, na usikubali fundi abaki nacho bila kukuuliza. Kile kipande kilichovunjika ndicho chenye namba ambayo simu yako inaitambua.