Je, wajua mninga wa Tabora huweka kumbukumbu za ukame?

Kwenye karakana moja ya useremala huku Ng'ambo, Tabora, mpwa wangu aliokota kipande cha gogo la mninga, akapitisha kidole kwenye mistari inayozunguka kiini. "Mjomba, hii ndiyo miaka yake?" Nikamwambia hapana, tena kwa uhakika wote: miaka huhesabika kwenye miti ya Ulaya, kwenye theluji. Kwetu jua ni la mwaka mzima, mti haupumziki.

Nilimdanganya bila kujua. Hata wataalamu wengi wa misitu waliamini hivyo kwa muda mrefu kuhusu miti ya nchi za joto.

Mistari hiyo, iitwayo pete, huchorwa pale mti unaposimama kukua, na baridi ni sababu mojawapo tu ya kuusimamisha. Chini ya gome kuna tabaka jembamba lililo hai, ambalo kila msimu huongeza mbao mpya kwa upande wa ndani. Ulaya tabaka hilo husimamishwa na baridi. Tabora husimamishwa na kiangazi. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha miezi mitano hivi ni vumbi. Mninga hupukutisha majani ukalala. Ukiamka hutengeneza kwanza mirija mipana ya kupandishia maji, kisha mirija inazidi kuwa midogo kadiri msimu unavyokwisha, na mpakani hubaki mstari mwembamba uliopauka. Piga msasa laini, lowesha kwa maji kidogo, angalia kwa kioo cha kukuzia: utauona. Panapokosekana kiangazi cha kweli, kama katika sehemu nyingi za msitu wa Kongo, mistari hiyo mara nyingi hufifia. Misitu yetu ya miombo, ambayo mimi niliiona haina historia, ina kiangazi kirefu cha kuiandikia.

Sasa ukame unaonekanaje? Kwa upana wa pete. Mwaka wa mvua nyingi mti hunenepa, mwaka wa ukame huongeza ukingo tu. Aliyeigeuza hesabu hii kuwa elimu ni Andrew Ellicott Douglass, mtaalamu wa nyota huko Arizona, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia 1929 alikuwa ameunganisha miti hai na boriti za nyumba za kale, na katika pete hizo unaonekana ukame mkubwa wa kuanzia 1276 hadi 1299.

Kuunganisha huko ndiko kiini cha kazi yote. Chukua warina asali wawili wazee, mmoja wa Sikonge na mwingine wa Urambo, wasiojali kalenda. Wa kwanza anakusimulia misimu yake akirudi nyuma: mzuri, mzuri, mbaya, mzuri, mbaya, mbaya sana. Wa pili anasimulia vivyo hivyo, ila ameruka msimu mmoja. Ukiziweka simulizi sambamba, pengo linajitokeza lenyewe, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu kimesogea hatua moja. Mzee wa tatu ndiye anaamua nani kasahau.

Miti nayo husahau. Katika mwaka mkali sana pete inaweza isionekane upande mmoja wa shina. Mvua ikikatika wiki kadhaa katikati ya msimu, mti huweza kuchora mpaka wa uongo. Ndiyo maana kuhesabu gogo moja hakutoshi. Unaanzia mti ambao mwaka wa kukatwa kwake unajulikana, kisha unalinganisha miti mingi, pete kwa pete. Boriti ya nyumba ya zamani isiyojulikana ilikatwa lini, mpangilio wake ukilandana na wa mti huo, nayo inapata tarehe, na simulizi linarudi nyuma zaidi.

Mwaka 2001 Valerie Trouet, mtafiti kutoka Ubelgiji, na wenzake walichapisha utafiti wa pete za miti ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, wakitafuta ndani yake alama za El Niño, ule ujoto wa Bahari ya Pasifiki unaovuruga mvua. Nchini Zimbabwe, mninga huuhuu umetoa mfululizo wa takriban miaka 200, uliochapishwa 2006. Ulipolinganishwa na vipimo vya mvua ya Novemba hadi Februari, pete zilieleza takriban asilimia 46 ya kupanda na kushuka kwa mvua hiyo. Ni karibu nusu. Sehemu iliyobaki ina mengine ndani yake: moto wa nyika, viwavi, kivuli cha jirani, umri wa mti wenyewe. Kwa hiyo pete moja nyembamba si ushahidi wa ukame. Pete nyembamba ya mwaka uleule katika miti mingi iliyotengana, hiyo ni habari nyingine.

Nilirudi na mpwa wangu karakanani. Kile kipande bado kilikuwepo, na fundi alikumbuka kwamba gogo lilikatwa kiangazi kilichopita. Tulianzia ukingoni kwenda ndani, yeye akiweka alama ya penseli kila mstari. Kwenye alama ya kumi na tisa aliinua kichwa: "Hapa imebanana mitatu, mjomba." Tukaanza kutafuta gogo la pili.