Polima Zinazowang'arisha na Kuwaua Bakteria: Dhana Potofu na Ukweli

Mkazi wa Dar es Salaam anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba ipo polima, yaani molekuli ndefu iliyoungwa kama mnyororo, inayomng'arisha bakteria na kumuua, aghalabu huwaza mionzi ya nyuklia. Hofu hiyo haina msingi. Molekuli za polima hizo humeza mwanga, mathalani wa urujuani au wa buluu, kisha huutoa ukiwa na nishati pungufu, na taa ikizimwa mng'ao nao hukoma. Muuza duka wa Kariakoo anayemulika noti kwa taa ya zambarau hutegemea kanuni hiyo hiyo.

Wengine hudhani polima ni plastiki tu. Wanga wa ugali ni polima, na pamba ya khanga pia.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba mng'ao ndio unaoua. Polima nyingi za aina hii zina chaji chanya, ilhali uso wa bakteria una chaji hasi. Hivyo mnyororo wa polima humganda bakteria, sehemu zake zinazopenda mafuta hupenya kwenye utando, utando hutoboka na yaliyomo huvuja. Zipo zinazohitaji mwanga ili ziue, lakini hata hapo muuaji ni oksijeni kali inayozaliwa pale nishati ya mwanga inapohamia kwenye oksijeni iliyo jirani, na nishati iliyokwenda huko haiwezi tena kutoka kama mng'ao. Mwanakemia basi hana budi kuigawa nishati hiyo kati ya mng'ao unaotupa picha ya bakteria na makali ya kuwaua, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu wa somo hili.

Si kweli pia kwamba binadamu hawezi kudhurika. Upande wa nje wa utando wa seli zetu hauna chaji hasi nyingi, kwa hiyo polima huwaelekea zaidi bakteria. Hata hivyo, sehemu zinazopenda mafuta zikizidi, chembe nyekundu za damu nazo hupasuka. Wala bakteria hawashindwi kujikinga: Staphylococcus aureus hupunguza chaji hasi ya utando wake.

Kuhusu picha, wengi huamini kwamba kinachong'aa ki hai. Katika kipimo cha makohozi cha kifua kikuu kinachotumia rangi ya auramini, bakteria waliokufa hung'aa sawasawa na walio hai, kwa hiyo mgonjwa anayeendelea na dawa anaweza kuonekana bado ana vimelea, na ni kuvikuza maabara kunakoonyesha kama vingali hai.