Pilates ya mtaalamu wa fiziotherapia: ina maana gani kwa mwanamichezo?

Pilates ni jina la mtu. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883. Vita ya Kwanza ya Dunia ilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, na humo kizuizini akawa anawafundisha wenzake mazoezi aliyoyabuni mwenyewe. Miaka ya 1920 alihamia New York, ambako wacheza dansi walioumia walimfuata kwa wingi. Wanamichezo wa hapa Dodoma wanaposikia jina hili kwa mara ya kwanza huniuliza kama linamhusu Pontio Pilato. Halimhusu.

Mazoezi yenyewe ni ya taratibu. Unayafanya juu ya mkeka, au juu ya mashine yenye springi kwa wale walio nayo, na kila tendo linakwenda na pumzi. Shabaha yake ni misuli ambayo huioni kwenye kioo. Chini ya misuli ya tumbo inayojichora kwa nje kuna msuli mpana unaozunguka kiuno kama kibwebwe. Juu yake kuna kiwambo tunachopumulia, chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, na nyuma iko misuli midogo inayoshikilia pingili za uti wa mgongo. Kwa mtu asiye na tatizo, kibwebwe hicho hujikaza chenyewe kabla mkono au mguu haujainuka. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwamba kwa watu wenye maumivu ya mgongo huwa kinachelewa. Tangu hapo wataalamu wengi wa fiziotherapia, yaani tiba ya mwili kwa mazoezi na mikono, wakaiangalia Pilates kwa jicho jingine: wakayavunja yale mazoezi vipande vipande, ili kila mgonjwa aanzie pale mwili wake unapoweza.

Tofauti yake na darasa la kawaida iko hapo. Darasani watu kumi na tano hufanya zoezi moja kwa pamoja. Mtaalamu wa fiziotherapia huanza na maswali na mikono: uliumia wapi, lini, mzigo wa mazoezi uliongezeka vipi wiki tatu zilizopita? Kisha anakutazama ukisimama, ukiruka na ukitua. Lile zoezi maarufu la kujikunja kutoka chali mpaka kukaa linaweza kumfaa mrukaji, likamzidishia maumivu mtu ambaye diski ya mgongo imetokeza na kubana neva. Mkeka ni mmoja, watu si wamoja.

Nilimpokea binti mmoja wa mbio za kati aliyekuwa akipandisha vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) asubuhi, goti likimuuma kwa nje kila akifika kilomita ya sita. Wenzake walikuwa wamemwambia akaze tumbo, akawa anapiga sitapu mia kila siku. Nikamwambia asimame kwa mguu mmoja, akunje goti polepole. Kiuno kikalala upande wa pili, goti likaingia ndani. Goti lilikuwa linalipa deni la nyonga.

Tulianza na kitu kidogo mno machoni pake: apige magoti, ashike sakafu kwa viganja kama mtoto anayetambaa, kisha anyooshe mguu mmoja nyuma. Juu ya kiuno nikamlaza chupa ya maji iliyojaa nusu. Alipoinua mguu wa kulia maji yalitikisika kidogo tu. Alipoinua wa kushoto chupa ilianguka. Akainuka akaiangalia, akaomba arudie. Siku ile sikuhitaji kumweleza nadharia yoyote, maana alikwisha kuiona mwenyewe. Baada ya hapo alilala ubavu akainua mguu, akapiga daraja, yaani kulala chali na kuinua kiuno, kwa mguu mmoja, tukaongeza mpira tuliokata kwenye tyubu ya baiskeli, kisha akarudi kusimama, akaruka, na mwisho akarudi vilimani. Safari hiyo ya kutoka sakafuni hadi kwenye mbio ndiyo maana hasa ya Pilates ya mtaalamu wa fiziotherapia. Anayekuacha umelala chali miezi mitatu hajakumalizia kazi.

Niseme pia mipaka yake, kwa sababu napenda kazi hii na sitaki iuzwe kama dawa ya kila kitu. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, kuhusu maumivu ya mgongo wa chini yaliona Pilates inasaidia kuliko kutofanya kitu, lakini hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inayashinda mazoezi mengine. Wala haichukui nafasi ya vyuma. Mchezaji wa mpira anayevutika nyama za paja kila msimu anahitaji mzigo mzito unaoongezwa hatua kwa hatua, na mbio za kasi pia. Mkeka unamwandalia kiuno cha kubebea mzigo huo. Dakika ishirini au thelathini, mara mbili kwa wiki, zinatosha wengi msimu ukiwa umechanganya, na zoezi jipya halianzishwi siku mbili kabla ya mechi.

Mwaka 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani aliyemfuata, hadi picha ndiyo ikaamua. Medali ile ni matunda ya miaka ya kukimbia. Mimi huwaonyesha vijana wangu zile hatua za mwisho kwa sababu mwili ukichoka, kiuno kilicholegea hula nguvu ambayo miguu ilikuwa inaidai.

Jambo moja kwa wakimbiaji wa barabara zetu ngumu. Kama muundi unauma sehemu moja ukiibonyeza kwa kidole, na maumivu yanakuamsha usiku, usije mkekani kwanza. Huenda mfupa umepata ufa. Hapo kipimo cha picha hospitalini na mapumziko hutangulia, na mazoezi yatakusubiri.