Tope la kwenye mifereji ya bahari limetoka wapi na limefikaje

Wengi wanafikiri tope lililoko kwenye ile mifereji ya bahari yenye kina cha zaidi ya mita 6,000 limeshuka tu kutoka juu polepole likatulia. Lipo la hivyo, ila lingine jingi limeporomoka kutoka kwenye kuta za mfereji, ndo maana sisi wa jiokemia, yaani kemia ya miamba na udongo, tukiletewa sampo tunauliza maswali mawili, chembe hii ilizaliwa kwenye mwamba gani na ilifikaje huku, na kipimo cha swali la kwanza hakijibu la pili.

Kuzaliwa kwanza. Kwenye miamba kuna metali mbili, samariamu na neodimiamu, na samariamu 147 (namba ni uzito wa atomu) inageuka kuwa neodimiamu 143, polepole mno, nusu yake inachukua kama miaka bilioni 106. Miamba ya kale ya bara ilianza na samariamu kidogo, kwa hiyo neodimiamu 143 ikilinganishwa na 144 imebaki chini, kwa lava changa iko juu. Chukua hapa Uganda, mchanga wa miamba ya West Nile, ile ya miaka zaidi ya bilioni 2.5, na tope la Elgon ambayo kijiolojia ni volkano ya juzi tu, ukiyaweka kwenye mashini hayafanani kabisa. Mwamba usagike, mto uubebe, ile alama haiondoki, kama Muganda na muziro wake, ule mnyama au kitu cha alama ya ukoo, hata ahamie London.

Stronshiamu nayo, metali nyingine ambayo tunapima uwiano wa 87 kwa 86, tunaitumia ila inasumbua, chembe zikiwa laini sana uwiano unapanda hata kama mwamba ni uleule. Mimi nikiona jedwali la stronshiamu halina saizi ya chembe nalipita tu.

Halafu lazima uoshe! Chembe ikikaa baharini inajipaka utando wa chuma na manganizi, na utando huo una neodimiamu ya maji ya bahari, sio ya mwamba. Unatia asidi ya siki, povu linapanda chokaa ikiyeyuka, unamwaga, unatia dawa ya pili ya kutoa utando, unaacha usiku kucha. Ukiruka hapo umepima maji sio tope.

Sasa usafiri, na hapa mfano mzuri ni Japani. Baada ya tetemeko la Machi 2011, lile la ukubwa wa 9.0, watafiti walichukua tope kwenye Mfereji wa Japani, kina cha zaidi ya mita 7,000, wakakuta sesiamu 134, yenye mionzi, na ilikuwa imepita kama miezi minne tu. Nusu ya sesiamu hii inaisha kwa miaka 2 hivi, kwa hiyo haiwezi kuwa masalia ya majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960, ni ya kinu cha nyuklia cha Fukushima kilichoharibika kwenye tetemeko hilo. Chembe laini ikishuka peke yake haifiki chini kwa muda huo, inabidi igandane na mabaki ya viumbe vidogo vinavyoelea juu ya maji ndo iwe nzito. Lakini hiyo ni njia moja. Ya maporomoko tunaisoma kwa risasi 210 (ile metali nzito, aina yake yenye mionzi inayoisha kwa muda), ambayo kawaida inapungua kadiri unavyoshuka kwenye bomba la sampo, ukikuta sentimita nyingi mfululizo namba ni ileile, na chini yake mchanga wa chembe kubwa, basi ujue hiyo yote ilimwagika mara moja.

Mfereji wa Mariana, kwenye Pasifiki, ni kesi nyingine, iko mbali na mabara, huko kuna vumbi la Asia lililoletwa na upepo na majivu ya volkano za visiwa vya jirani.

Na kwa ndugu zangu wa Mbale wanaoniuliza kama tope la mto Manafwa linafika Mediterania: karibu lote linaishia kwenye vinamasi na Ziwa Kyoga, linalopenya linanaswa huko Sudd, vinamasi vya Sudan Kusini. Tope la Nile lililoko kule karibu lote ni la Ethiopia, limeshuka na mito ya Abbay (Nile ya Buluu) na Atbara, na uwiano wake wa stronshiamu ulio chini, wa basalti (mwamba wa lava), unaonyesha hivyo.