Gugu maji katika bustani ya nyumbani: utaratibu wa kuondoa ziada
Malalamiko kuhusu mitaro na mabwawa yaliyozibwa na gugu maji yanaendelea kutufikia, na wengi wa wanaohojiwa hueleza kwamba hawakulipanda mahali hapo, walilitupa tu. Kwa mmea huu, kutupa ni kupanda.

Hatumlaumu mtu kwa kupenda ua lake la zambarau lenye doa la manjano. Hata hivyo, matawi yake yanayotambaa juu ya maji huzaa miche mipya, na katika maji ya joto yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Hoja kwamba "langu liko kwenye beseni tu" tumeisikia mara nyingi mno. Beseni likijaa, ziada hupelekwa wapi?

Anayeliondoa aanze kwa kukata mashada ya maua kabla hayajanyauka, kwa sababu mbegu zikizama kwenye tope huweza kukaa hai kwa miaka 15 na zaidi. Kisha auvue mmea mzima pamoja na mizizi, auanike kwenye ardhi kavu isiyofikiwa na mafuriko, mbali na mtaro, na augeuze mara kwa mara hadi vikonyo vivunjike kwa ukavu, ndipo auzike. Maji na tope vilivyobaki vimwagwe juu ya udongo, si mferejini, na beseni, wavu na viatu visuguliwe kabla ya kutumika kwenye bwawa jingine. Dawa ya kuua magugu haishauriwi, kwani mmea ukifa kwa wingi huozea majini, humaliza oksijeni na kuua samaki. Wapo wanaoutetea mmea huu kwamba husafisha maji. Ni kweli kwamba hufyonza metali nzito, yaani metali zenye sumu kama zebaki, na kwa sababu hiyohiyo uliokua kwenye maji machafu haufai kuwa mbolea ya mboga wala lishe ya mifugo.

Kuhusu adhabu, kila nchi ina sheria zake. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mmea huu uliingia mwaka 2016 kwenye orodha ya spishi vamizi, yaani mimea na wanyama wa kigeni wanaoenea na kuharibu mazingira, na hairuhusiwi kuuingiza, kuukuza, kuusafirisha, kuuuza, kubadilishana wala kuuachia katika mazingira, huku adhabu zikipangwa na kila nchi mwanachama. Tunasisitiza neno kubadilishana, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba pasipo fedha hapana kosa. Anayezisoma sheria hizo atafute majina yote mawili ya kitaalamu, Eichhornia crassipes la zamani na Pontederia crassipes linalotumika sasa, maana mmea ni uleule.